Je, ni kweli In Rainbows ilitolewa bure?

Kaka, umeuliza kama kweli Radiohead, bendi ya rock ya Uingereza, waligawa albamu yao In Rainbows bure. Si bure hasa: kila msikilizaji alijipangia bei. Tarehe 10 Oktoba 2007 waliiweka kwenye tovuti yao, na anayetaka kuipakua aliandika mwenyewe atalipa kiasi gani, hata sifuri. Mkataba wao na EMI, kampuni ya kurekodi muziki, ulikuwa umeisha baada ya albamu ya Hail to the Thief ya 2003, kwa hiyo hapakuwa na lebo ya kuombwa ruhusa. CD zilifika madukani mwishoni mwa Desemba na mwanzoni mwa Januari, na hata hapo albamu ilishika namba moja Uingereza na Marekani, ingawa watu walikuwa nayo kwenye kompyuta tangu Oktoba.

Ila tafadhali usiishie kwenye habari ya bei, maana muziki wenyewe ndio wa kuzungumziwa. Wimbo "15 Step" unakwenda kwa mapigo matano badala ya manne tuliyoyazoea, na bado mwili unacheza. "Nude" walishaipiga jukwaani tangu miaka ya 1990, ikakaa karibu miaka kumi bila kurekodiwa vizuri, mpaka besi mpya ya Colin Greenwood, mpiga besi wao, ilipoifungulia njia. Halafu vaa hedifoni usikilize "Reckoner": ngoma na kayamba zinaanza, sauti nyembamba ya mwimbaji wao Thom Yorke inaelea juu, kisha katikati fidla zinaingia taratibu. Kwangu hii ndiyo albamu yao nzuri kuliko zote, hata OK Computer naiweka ya pili.