Maswali yenu: ramani zinavyopanga makazi ya wanyama, lipi lilindwe kwanza

Maswali yamekuja mengi kuhusu kutumia ramani za kompyuta kuamua eneo gani la wanyamapori lilindwe kwanza. Mifano mingi nimetoa Tarangire na Manyara, hifadhi za kaskazini mwa Tanzania, maana nyumbu wa kule wanaeleweka vizuri.

Kompyuta inajuaje eneo hili ni zuri kuliko lile?

Inaambiwa na wewe. Unaweka leya zako, yaani ramani za jambo mojamoja zinazopandana, maji, malisho, umbali toka makazi ya watu, umbali toka barabarani, kila kipande cha ardhi unakipa alama 1 mpaka 5 kwenye kila leya, 5 ikiwa ndo nzuri zaidi kwa wanyama, halafu unaamua leya ipi ina uzito gani. Tuseme kipande kimepata maji 5, malisho 4, makazi ya watu 2, barabara 1. Ukitoa uzito asilimia 30, 30, 25 na 15 kinapata 3.35. Sasa punguza maji na malisho ziwe 20 kila moja, makazi 35, barabara 25, kipande kilekile kinashuka hadi 2.75, na pale porini hakuna hata jani lililobadilika! Ndo maana mtu akikuletea ramani ya rangi nzuri bila kukuonyesha hizo asilimia, mwombe kwanza, na muulize nani alikaa akazipanga.

Nipo Babati, nina laptop ya kawaida na sina hela ya programu. Naweza?

Unaweza kabisa. QGIS, programu ya kutengeneza ramani, ni bure. Picha za setilaiti za Sentinel-2 ni bure na pikseli yake, yaani kile kidoti kidogo kabisa cha picha, ni mita 10 za ardhi, za Landsat zinaanzia 1972 na zimekuwa bure tangu 2008. Ila uzio wa waya au wa miiba huuoni kwenye picha hizo, huo lazima uufuate kwa miguu na GPS.

Nimetumia picha za Septemba, Simanjiro, mashariki mwa Tarangire, imetoka nyekundu yote, alama za chini. Ni sahihi?

Hapana, na hili naomba tulielewe vizuri kwa sababu linaweza kuuza ardhi ya watu na ya wanyama pamoja. Septemba ni kiangazi, nyumbu na pundamilia wamejaa Tarangire kufuata mto ambao haukauki, so ukipima kwa picha za wakati huo lazima hifadhi ing'ae na Simanjiro ionekane jangwa. Mvua zikija wanatoka, nyumbu wanaenda kuzalia kwenye zile tambarare za Simanjiro za majani mafupi yenye madini kama fosforasi ambayo mama anayenyonyesha anayahitaji, na wengine wanaelekea kaskazini mpaka upande wa Ziwa Natron. Tengeneza ramani mbili, ya masika na ya kiangazi, na eneo likipata alama kubwa kwenye mojawapo tu basi ibaki hiyo kubwa, usitafute wastani.

Point za GPS za doria zinaonyesha wanyama wanapenda barabara. Inawezekana?

Gari la doria ndo linapenda barabara, linarekodi wanyama pale linapopita tu. Chukua na point za mbali na njia.

Eneo lenye alama ndogo si tuliachie tu kilimo?

Angalia kwanza linaunganisha nini na nini. Kwakuchinja, katikati ya Tarangire na Manyara, ina vijiji, mashamba na barabara kuu ya Arusha kwenda Babati, kipande kimoja kimoja kikipimwa chenyewe alama haziwezi kuwa za kutisha, lakini ukikifunga umewafungia nyumbu njia. Kwa hiyo ubora wa makazi unapima kivyake, na njia ya kupita unapima kivyake. Tathmini ya shoroba, yaani njia za wanyama kati ya hifadhi, Tanzania iliyotolewa 2022 iliorodhesha shoroba 61, ikachagua 20 za kipaumbele, na mi naona hiyo ni hatua kubwa sana maana zamani tulikuwa tunahesabu hifadhi tu.

Wanakijiji waje lini kwenye hii kazi?

Kabla ya kupanga zile asilimia. Chapisha ramani kubwa, iweke mezani ofisi ya kijiji, toa kalamu za rangi, na wafugaji na wakulima wachore tembo wanapita wapi usiku, lambo lipi linakauka mwezi gani, shamba gani limefunguliwa mwaka huu. Waite na kina mama wanaochota maji, wao ndo wanakutana na wanyama alfajiri. Uzito upangeni palepale, na nakala ya ramani ibaki kijijini.