Uliza Shangazi wa Maua: Hoya yangu imegoma kuchanua

Swali: Shangazi shikamoo. Niko Chumbageni hapa Tanga. Mwaka juzi wifi yangu alinipa hoya, lile ua la nta, likiwa na vichala viwili vimechanua, usiku nyumba nzima inanukia. Maua yalipokauka nikakata vile vijiti vyake pawe pasafi, nikalihamishia kwenye chungu kikubwa chenye udongo mwekundu wa shamba, namwagilia kila asubuhi, lipo kona ya sebule karibu na tivii. Toka hapo sijaona hata ua moja na majani ya chini yanageuka njano. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nianze na hivyo vijiti manake hapo ndo roho imeniuma. Kile kikonyo kifupi kinachobaki maua yakishapukutika hakikatwi, msimu ujao maua yanatokea hapohapo kwenye ncha yake, na unaofuata tena hapohapo. Langu liko barazani Ngamiani, lina kikonyo kimoja kimeshachanua mara nne, ukikishika kina vialama vidogo vidogo vimepangana kama shingo ya kobe, kila alama ni mahali kijiua kilipodondoka. Ulivyokata havirudi, ila litatoa vipya, mpe muda tu.

Na ule mkamba (shina jembamba linalotambaa) mrefu mtupu unaochomoza bila majani usiukate pia, watu wengi wanadhani umekufa kumbe unatafuta pa kushika, majani yanakuja baadae. Uzungushie kwenye waya au kamba ya katani, sisi wa Tanga katani haitupigi chenga.

Sasa udongo. Hoya hii ya kawaida asili yake ni huko kusini mwa Uchina, Taiwan na Japani, inatambaa juu ya miti, mizizi inashika magome na hewa inapita muda wote. Wewe umeizika kwenye udongo unaoganda alafu kila siku unaongeza maji, mizizi inaoza, ndo hayo manjano. Ling'oe taratibu, ondoa mizizi iliyolainika na kuwa myeusi, alafu tafuta kopo dogo lenye matundu chini, yaani mizizi ienee tu basi, hili ua linapenda kubanwa. Ndani weka makumbi ya nazi uliyoyakatakata vipande vidogo, yaloweke kwanza siku moja na umwage yale maji manake makumbi mengine yana chumvi, changanya na vipande vya mkaa (usiowashwa jamani, mbichi wa gunia) na mboji kidogo. Ukikata popote litatoa utomvu mweupe kama maziwa, usijipanguse macho na mkono huo.

Kumwagilia usifate saa, fata jani. Jani lake ni nene, linaweka akiba ya maji, ukilikunja kidogo likawa gumu maji bado yapo, likilegea au likianza kujikunyata ndo umwagilie mpaka maji yatoke chini, kisha uliache. Kipupwe, Juni mpaka Agosti, punguza zaidi, lipumzike kwenye ubaridi, hapo ndo linajiandaa.

Mwanga ndo utakaokuletea maua. Kona ya tivii ni giza kwake hata kama wewe unaona vizuri. Lisogeze dirisha la mashariki lipate jua la asubuhi, jua la mchana kupitia kioo litaunguza majani. Na ukishaona vitumba, usilihamishe tena wala kuligeuzageuza, na usiliache likauke kabisa, linavipukutisha vyote, nimeshalia mimi kwa hilo.

Mbolea kidogo tu wakati linakua, isiwe yurea tupu, utapata majani matupu. Vidung'ata, vile vidudu vyeupe kama pamba kwenye maungio ya majani, vifute na pamba yenye spiriti, na uangalie sisimizi, ukiwaona wanapanda ujue wana mifugo yao huko juu.

Jina lenyewe la hoya ni la mtunza bustani wa Uingereza, Thomas Hoy, alipewa heshima hiyo na mtaalamu wa mimea Robert Brown mwaka 1810, na mimi nafurahi kila nikikumbuka kwamba ni mtu aliyekuwa anashika udongo kama sisi. Likichanua livizie usiku, kichala kimoja kina vijiua kama 20 au 30, nyota za waridi iliyofifia zenye manyoya kama mahameli, katikati nyota nyingine ndogo nyekundu inang'aa, na linadondosha asali, kwahiyo makochi yasogeze.

Swali: Nimenunua jani moja la hoya lenye umbo la moyo limechomekwa kwenye kikombe, mwaka wa pili huu halikui. Msomaji, Bagamoyo.

Jibu: Hilo jani lina mizizi lakini halina kifundo, yaani ile sehemu ya shina ambapo jani na chipukizi hutokea, na bila kipande cha shina chenye kifundo mkamba hautokei. Litaishi hivyohivyo kijani miaka, ukilipenda endelea nalo, lipe mwanga na maji kidogo sana. Ukitaka linalotambaa, muuzaji akuoneshe shina kwanza kabla hujatoa hela.