Mteja anaongeza mahitaji kila kikao, bei ni ileile

Ndugu, nimekuelewa: wewe na mteja mlipatana bei moja ya kumtengenezea mfumo wa kompyuta wa stoo na mauzo, sasa kila kikao mteja anaongeza jambo, na tarehe ya kukabidhi haijasogezwa.

Simamisha kazi mpya kwa siku mbili. Andika mliyokubaliana mwanzo, kando yake yote yaliyoongezwa, kila moja na siku zake na gharama yake. Mpelekee anayeidhinisha malipo, si karani anayekutumia ujumbe usiku. Mimi niliwahi kukubali "kitufe kimoja tu" cha kurudisha bidhaa. Kumbe kinagusa hesabu ya stoo, ankara na kodi. Kilikula wiki tatu.

Kuanzia hapo, kila badiliko liombwe kwa maandishi na lisainiwe kabla hujaligusa.

Kuhamisha data ya zamani nako anza mapema, kwa majaribio. Huko ndiko utakuta mnunuzi mmoja kaandikwa kwa majina manne. Na tafadhali, mfumo wa zamani usizimwe mpaka wahasibu wafunge mwezi mzima kwenye mpya na hesabu zilingane.

Mteja wako akikataa kusaini, na mkataba una faini ya kuchelewa, mwone mwanasheria kabla hujajibu barua yoyote.