Mpwa wangu, mjomba wako siyo wakala wa Marekani

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, pamoja na ule uliompa mama yako aongee. Eti Chikongola nzima, hapo Mtwara, inajua mjomba ni kocha wa chuo Marekani, nafasi za ufadhili anazo mkononi, anasubiri vijana tu. Na kuna bwana ameshaanza kupokea hela za wazazi ili majina yafike kwangu. Nianze na huyo: azirudishe leo. Hakuna jina lililonifikia, na hata likinifikia sina pa kulipeleka.

Ukocha ni kweli. Lakini ni ukocha msaidizi, kwenye chuo kidogo cha binafsi kilicho Divisheni III, daraja la tatu la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Vyuo vya daraja hilo haviruhusiwi kumpa mtu ufadhili kwa sababu anajua mpira, hata awe fundi namna gani. Anayepata msaada anaupata kwa alama za darasani au hali ya nyumbani, sawa na mwanafunzi asiyeweza kupiga danadana. Ufadhili wa mpira uko Divisheni I na II, NAIA ambacho ni chama kingine cha michezo ya vyuo, na vyuo vingi vya miaka miwili. Na huko nako hugawanywa vipande: kwa miaka mingi timu ya wanaume ya Divisheni I iliruhusiwa ufadhili kamili 9.9 tu, kikosi kizima kigawane. Mwaka 2025 vyuo vilivyoingia utaratibu mpya viliondolewa kikomo hicho, lakini kuruhusiwa kulipa siyo kuwa na hela.

Sasa kinachoniuma. Kazi yangu kubwa siyo kufundisha. Msimu unaanza Agosti, kwa timu nyingi Novemba umeisha. Nyie mkiwa kwenye minada ya korosho, mimi niko kwenye simu natafuta wachezaji wa mwakani. Hapo uwanja wa Nangwanda Sijaona kijana ndiye anayemfuata kocha. Huku mimi mtu mzima, na vyeti vyangu, nambembeleza mtoto wa miaka 17 ambaye mara nyingi hata hajibu. Akijibu, napewa mama yake, na mama haulizi tunacheza mfumo gani, anauliza ada. Chuo kama hiki kinaishi kwa ada. Kila mchezaji ninayemleta ni ada imeingia, na wakubwa wananipima kwa hesabu hiyo kabla hawajauliza mabao.

Kwa hiyo mjomba wako analipwa kutafuta watoto wa wenye uwezo. Wewe ndiye yule ambaye kazi yangu inaniambia nimruke. Najua kwetu mpwa ni wa mjomba, mama yako hakukosea kunikumbusha, ingawa angeweza kunikumbusha bila kulia. Video yako ya ndondo nimeitazama tena na tena. Ile pasi ya mguu wa kushoto uliyoipenyeza katikati ya mabeki, huku nilipo sina wa kuipiga. Nilizima simu nikaenda kufua vizibao vya mazoezi.

Ndiyo, kufua. Na kuendesha basi dogo la timu usiku kwenye barafu, na kuhesabu koni. Ni kubeba boksi, tofauti nimevaa filimbi shingoni.

Usiniletee habari za Nizar Khalfan. Nizar ni wetu, mzaliwa wa Mtwara, na alikuwa Vancouver Whitecaps walipoingia MLS, ligi kuu ya Marekani na Kanada, mwaka 2011. Lakini hakupitia mpira wa chuo, alifika huko akiwa mchezaji wa kulipwa. Ni njia nyingine kabisa, na ukishasaini mkataba wa kulipwa unaweza kujifungia mlango wa NCAA. Wala usinitajie Bruce Arena, aliyetwaa mataji akiwa chuo cha Virginia na baadaye akaifikisha Marekani robo fainali ya Kombe la Dunia 2002. Huyo hata huku tunatajiwa kila siku. Hawatajwi wasaidizi wanaofundisha kwa posho, kiangazi kikifika wanapaka rangi nyumba za watu.

Kwa hiyo usije. Cheza hapo hapo, timu ya Namungo wametokea Ruangwa wakafika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, kwani Ruangwa ni Ulaya?

Ila kama umeng'ang'ania, basi soma, maana matokeo yako ya NECTA yatakufungulia milango mingi kuliko mguu wako wa kushoto. Kiingereza kishike. Waandikie makocha wa NAIA na vyuo vya miaka miwili wewe mwenyewe, usipitie kwa mtu. Na ujue kwamba kabla ya kukupa I-20, karatasi ya kuombea viza ya mwanafunzi, chuo kitataka kuona hela ya mwaka wa kwanza mzima iko wapi. Siyo nauli, mwaka mzima. Mama yako asiuze shamba la mikorosho. Nikisikia limeuzwa, simu zenu sipokei.

Ile video nitumie tena, bila muziki, mechi nzima na siyo chenga tupu. Nataka kuona unafanya nini mkipoteza mpira. Kuna kocha mmoja wa NAIA tunasalimiana. Siahidi kitu. Na kijiweni usimwambie mtu, hasa yule bwana wa michango.