Uvimbe wa kongosho kurudi si lazima dawa iwe feki

Hapana mkuu unayesema mgonjwa aliuziwa dawa feki, uvimbe wa saratani ya kongosho kurudi baada ya dripu za kemo (dawa za kuua seli za saratani) hakuthibitishi kwamba dawa ilikuwa feki. Ndani ya uvimbe huo kuna seli chache zinazoitwa seli shina za saratani. Zinastahimili dawa za kemo kama jemsitabini, kisha zinaanzisha uvimbe upya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walizieleza mwaka 2007: zilikuwa asilimia 0.2 hadi 0.8 tu ya seli za saratani, lakini nusu ya panya waliopandikizwa seli 100 za aina hiyo walipata uvimbe. Sisi tunaolima viazi Uporoto, Mbeya, tunaijua hali hii: unavuna shamba zima, vile vidogo vilivyobaki udongoni vinachipua msimu unaofuata katikati ya mahindi.

Ila hiyo si sababu pekee. Mara nyingi saratani hii hugundulika ikiwa imeshasambaa, na hata seli za kawaida za uvimbe zinaweza kugeuka na kupata tabia za seli shina.

Na jamani, zile pakiti za unga wa "seli shina" mnazouziwa mitaani haziponyi saratani ya kongosho. Mgonjwa aendelee na kliniki.