Jibu: Nimwachishe mwanangu mpira hadi mtihani upite?

Pole dada. Umesema kijana wako yuko kidato cha pili, alama zimeshuka, na baba yake anataka aachishwe mpira hadi mtihani wa Novemba upite. Mimi nisingemwachisha.

Moyo ukienda mbio, damu nyingi zaidi hufika kwenye ubongo, na mwili hutoa kemikali kama dopamini zinazosaidia mtu kutulia na kushika jambo moja. Ndiyo maana kijana akitoka mazoezini huwa msikivu zaidi, angalau kwa muda. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku. Daladala, darasa, kisha tuisheni mpaka giza: hizo dakika atazipata wapi?

Mdogo wangu tulimzuia kucheza hapa hapa Moshi. Unadhani alisoma? Alisinzia juu ya daftari, na nyumbani akawa mkali kama pilipili kichaa. Tulipomruhusu kukimbia asubuhi kule Shanty Town (kuna miti na kivuli, siyo vumbi la huku kwetu Pasua), ugomvi ulipungua. Hesabu hazikupanda kwa miujiza, nisikudanganye. Bado ilibidi akae chini afanye maswali.

Ila chunga usingizi wake. Umri huo unahitaji kulala kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila usiku. Kama mazoezi yanamrudisha usiku, ongea na kocha amwachie mapema. Na simu je, anaizima saa ngapi?