Mkuu usiweke kulanti humo, una paka ndani

Acha hapo hapo mkuu, usichanganye kitu. Umeandika unatengeneza kiyoyozi cha ndoo, barafu ndani, pampu ya tangi la samaki, mrija wa shaba umeuzungusha mbele ya feni, na kwenye maji utatia kulanti ya gari, yale maji ya rangi ya kwenye rejeta, ili yapoe zaidi bila kuganda. Afu mstari wa mwisho kabisa unasema una paka wawili na mbwa. Mimi niliposoma huo mstari roho ilinipasuka, maana nilitengeneza kitu hicho hicho na nikazika paka.

Nilikuwa nao wawili, Mosi na Pili. Joto lilikuwa limezidi, wanalala wamejinyoosha sakafuni kama nguo zilizoanikwa, nikasema ngoja niwatengenezee upepo wa baridi. Kuna jamaa kwenye video anaelekeza kila kitu vizuri, namna ya kukunja shaba isivunjike, namna ya kuunga mpira wa maji kwenye shaba, akasema tia chumvi kwenye barafu ishuke chini ya sifuri, na kwa kuwa maji ya kwenye mrija sasa yanaweza kuganda tia kulanti nusu kwa nusu. Basi. Neno sumu hakulitaja. Nimerudi kuitazama ile video mara tatu baadaye nikidhani labda lilinipita, hamna. Na nyuma yake kochi linaonekana na mbwa kalala! Huyo mtu nina hasira naye mpaka leo na sioni aibu kusema.

Sasa sikiliza sehemu hii maana ndiyo iliyoniumiza. Shaba yenye maji ya baridi inatoa jasho. Unyevu wa hewani ukigusa mrija unakuwa matone, yanadondoka, hiyo ni kawaida kabisa na mimi nilikuwa nimetandika kitambaa chini kwa ajili hiyo. Kwa hiyo siku ya tatu nilipoona pameloa kuliko jana sikujiuliza, nikakamua kitambaa nikarudisha. Kumbe pale mpira unapoingia kwenye shaba klampu ilishalegea, mpira ukipata baridi unakakamaa na kusinyaa, na tone moja moja lilikuwa linatoka. Jasho la shaba na kulanti iliyovuja vikishachanganyika sakafuni huwezi kuvitofautisha kwa macho, ile rangi inapauka mno. Ila paka haangalii rangi, analamba miguu yake kila akikanyaga kitu.

Ile kitu ndani ya kulanti nyingi inaitwa ethilini glaikoli. Kwa paka wa kilo 3 kijiko kimoja cha chai cha kulanti isiyochanganywa kinatosha kumuua. Mbwa anavumilia zaidi kidogo, ila ladha yake ni tamu, kwa hiyo mbwa hataonja tu, atakunywa. Usidanganyike na zile zilizotiwa uchungu ili wanyama wasiziguse, wapo wanaokunywa hivyo hivyo.

Mosi usiku ule alikuwa anayumba. Alipanda kochi akakosa, akaanguka, akanywa maji mengi sana, nikajua ni joto na usingizi. Asubuhi alikuwa katulia kajikunja, hali chakula, nikaenda zangu kazini. Jioni anatapika, hakojoi. Daktari wa wanyama hata hakumaliza kumpima, akaniuliza nyumbani kuna maji ya rejeta yamemwagika? Nilijibu hapana, tena kwa kujiamini kabisa, ndipo nikaikumbuka ndoo. Akanieleza kwamba glaikoli ikifika kwenye ini inageuzwa kuwa asidi, mwisho wake ni fuwele zinazojaa kwenye figo na figo zinazima. Dawa ipo, ila kwa paka inatakiwa ianze ndani ya masaa 3 tangu alambe. Yangu yalikuwa yamepita karibu 20. Kule kuyumba ndiyo ilikuwa nafasi yangu, mkuu, nikaipoteza nikimwangalia. Pili alipona kwa sababu anachukia kelele za feni, siku zote tatu alikuwa kalala juu ya kabati chumba cha pili.

Na kama kuna mtu anakuja kuandika "ni paka tu" apitilize, sina muda naye.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kulanti haikuwa na kazi yoyote. Barafu inayoyeyuka inakaa kwenye sifuri, usipotia chumvi maji ya kwenye mrija hayawezi kuganda, na maji matupu yanabeba joto vizuri kuliko maji yenye glaikoli. Yaani nilitia sumu ili mtambo upungue nguvu. Afu hesabu yenyewe ya barafu, kilo 5 zikiyeyuka zote zinameza kama kilojuli 1,670, kiyoyozi kidogo cha ukutani cha BTU 9,000 (hicho ni kipimo cha nguvu yake ya kupoza) kinaondoa joto hilo chumbani kwa dakika kama 10 au 11. Na ukigandisha barafu kwenye friji iliyo humo humo ndani, joto lote friji inalirudisha chumbani kwa nyuma.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: kinachozunguka ndani ya mrija kiwe kitu ambacho ungemmiminia paka kwenye bakuli lake la maji. Maji, basi. Kuna watu watakwambia tumia propilini glaikoli, ile "salama". Kwa mbwa sumu yake ni ndogo kweli, ila kwa paka inaharibu chembe nyekundu za damu, ndiyo maana Marekani waliipiga marufuku kwenye chakula cha paka mwaka 1996. Hata chumvi sitii tena, mbwa mwenye kiu akinywa maji ya ile barafu ya chumvi ni tatizo lingine.

Uliuliza pia kipimajoto ukiweke wapi. Kiweke chini kabisa, kwenye usawa wa pua ya mbwa akiwa amelala.

Ila kama umeshachanganya na mtambo uko ndani, zima pampu sasa hivi, ndoo ifunike uitoe nje, osha sakafu kwa sabuni na maji mengi mara mbili, kile kitambaa tupa mahali wasipofika. Afu watafute wote watatu uwaangalie wanavyotembea. Yeyote anayeyumba mpeleke kwa daktari saa hiyo hiyo, na neno la kwanza useme kulanti. Ukirudi uniandikie hapa, tafadhali.